Arifa za Kuzuia Uso Usipooze: Tathmini ya Programu ya Simu ya Ubora wa Hewa

Programu ninayoitathmini ni ile ya simu inayokusanya vipimo vya joto, unyevu, upepo na uchafuzi wa hewa, na kumwonyesha mtumiaji rangi na namba inayoeleza hali ya mahali alipo kwa saa hiyo. Hadi hapo haina upekee wowote. Upekee wake uko katika sehemu ya kulipia, ambayo humtumia arifa mtu aliyewahi kupooza uso, au anayehofia kupooza, kila inapoona kwamba baridi, ukavu, upepo au moshi umefikia kiwango inachokiita cha hatari kwa neva ya uso. Kazi yangu ni kuwasimamia wagonjwa wa aina hiyo katika mazoezi ya misuli ya uso, na kwa kuwa baadhi yao walikuja na programu hii mkononi wakitaka kujua kama waiamini, niliona inafaa niitumie mwenyewe hadi majira yabadilike, huku nikilinganisha arifa zake na yale yanayojulikana kitabibu. Sitaitaja jina, kwa sababu zipo nyingine zilizojengwa juu ya wazo hilo hilo, na wazo ndilo linalostahili kupimwa.

Nianze na kile inachokifanya vizuri, kwa kuwa kipo. Ukurasa wa ubora wa hewa umetengenezwa na watu wanaoijua kazi yao. Kila kichafuzi kinaonyeshwa peke yake: chembe ndogo zenye kipenyo kisichozidi mikromita 2.5, chembe kubwa zaidi zinazofika mikromita 10, ozoni, naitrojeni dayoksaidi, salfa dayoksaidi na kaboni monoksaidi. Jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana, kwa sababu ile namba moja ya ubora wa hewa, kwa jinsi inavyokokotolewa katika mfumo wa Marekani unaoigwa na wengi, haijumlishi vichafuzi hivyo. Huchukua kile kilicho kibaya zaidi wakati huo na kuviacha vingine nyuma ya pazia. Mtu anayetaka kufuatilia naitrojeni dayoksaidi, gesi inayotajwatajwa katika suala hili la uso, angeikosa kabisa siku ambayo vumbi ndilo linaloongoza. Programu imefuata pia marekebisho ya mwaka 2024, ambapo namba 50 ya mfumo huo, yaani mpaka wa hewa inayohesabiwa kuwa nzuri, iliyokuwa ikisimama kwenye mikrogramu 12 za chembe ndogo katika kila mita ya ujazo, ilishushwa hadi 9. Chini ya kila grafu umechorwa mstari wa mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021, yaani wastani wa saa 24 usiozidi mikrogramu 15 kwa chembe hizo na 25 kwa naitrojeni dayoksaidi. Kwa ukurasa huu peke yake ningeipendekeza programu kwa mtu yeyote mwenye pumu bila kusita, na ukurasa huu haulipiwi.

Udhaifu huanza pale kituo cha kupimia kinapokuwa mbali. Hapo programu huhamia kwenye makadirio ya kompyuta yanayotegemea satelaiti na hesabu za angahewa, na makadirio ya dunia nzima ya aina hiyo, kama yale ya huduma ya Copernicus ya Ulaya, huigawa dunia katika miraba yenye upana wa takriban kilomita 40. Ndani ya mraba mmoja kama huo panaweza kuwa na barabara kuu iliyojaa magari na bonde lenye hewa safi, ilhali naitrojeni dayoksaidi inayotoka kwenye injini hupungua haraka ndani ya mita mia chache kutoka barabarani. Mtumiaji anayeishi bondeni hupewa onyo la barabarani, na wa barabarani hupewa utulivu wa bondeni. Vipimo vidogo vya leza ambavyo watu huvitundika majumbani, na ambavyo programu inavichanganya humo humo, vina kasoro ya namna nyingine: unyevu unapopanda sana, chembe hunyonya maji na kuvimba, na kifaa kinachopima mwanga uliotawanywa husoma moshi mwingi kuliko uliopo. Alama ndogo ya kumweleza msomaji kwamba namba hii imetoka kituoni, hii ni ya kifaa cha nyumbani na hii ni makadirio tu, ingetosha. Haipo, na rangi ni ile ile kwa zote tatu.

Sasa nije kwenye dai lenyewe. Kupooza uso upande mmoja kwa ghafla, pasipo chanzo kinachoonekana, hujulikana kitabibu kwa jina la Charles Bell, daktari wa upasuaji Mskoti aliyeeleza kazi ya neva za uso mwaka 1821. Kwa mwaka, ugonjwa huu huwapata takriban watu 20 hadi 30 kati ya kila 100,000. Neva ya uso hupita ndani ya mfereji wa mfupa ulio karibu na sikio, na penye lango lake jembamba zaidi mfereji huo hauna hata milimita moja ya kipenyo. Neva ikivimba hapo haina pa kupanukia, ikabanwa na mfupa unaoilinda. Kinachoivimbisha hakijathibitishwa kwa kila mgonjwa, lakini mshukiwa mkuu ni virusi vya malengelenge ya mdomoni, ambavyo hukaa kimya katika fundo la neva kwa miaka na kisha kuamka. Mwaka 1996 watafiti wa Japani walikuta vinasaba vya virusi hivyo katika majimaji ya neva ya wagonjwa 11 kati ya 14 waliofanyiwa upasuaji. Kisukari, shinikizo la damu na miezi ya mwisho ya ujauzito huhusishwa pia na ugonjwa huu. Programu haimuulizi mtumiaji lolote kati ya hayo inapokokotoa hatari yake. Inamuuliza yuko wapi, basi.

Je, hali ya hewa ina nafasi yoyote? Ushahidi upo, ila ni mwembamba na haukubaliani na wenzake. Uchunguzi ninaouona kuwa na uzito ulifanywa katika majeshi ya Marekani, ukahesabu wagonjwa 1,181 waliogunduliwa kati ya Oktoba 1997 na Septemba 1999 katika kambi zilizo kwenye tabianchi tofauti. Ugonjwa ulikuwa juu kwa takriban theluthi moja katika maeneo makavu kuliko yasiyo makavu, na kwa kiasi kinachokaribiana na hicho katika miezi ya baridi kuliko ya joto. Maelezo yanayotolewa yana mantiki: baridi hubana mishipa midogo ya damu inayoilisha neva, hewa kavu hukwaruza utando wa pua na koo, na majira ya mafua huulemea mwili kwa maambukizi kiasi kwamba virusi vilivyolala hupata mwanya wa kuamka. Hata hivyo, tafiti za hospitalini kutoka nchi mbalimbali zimeona kilele cha ugonjwa katika majira yasiyofanana, na nyingine hazikuona tofauti yoyote ya majira. Liko pia tatizo la kumbukumbu. Mgonjwa anayeulizwa alikuwa wapi kabla ya uso kupinda hukumbuka mara moja upepo wa dirishani usiku ule, na hakuna anayekwenda kumuuliza jirani aliyelala dirisha wazi vilevile akaamka mzima.

Kwa upande wa uchafuzi, kumbukumbu za bima ya afya za Korea Kusini zimewawezesha watafiti kulinganisha hewa ya maeneo walikoishi wagonjwa, katika siku na wiki zilizotangulia ugonjwa, na hewa ya maeneo ya watu wanaofanana nao ambao hawakuugua. Naitrojeni dayoksaidi ni miongoni mwa vichafuzi vilivyoonyesha uhusiano. Gesi hii huwasha njia ya hewa, huchochea uvimbe mwilini na inaweza kudhoofisha kinga, kwa hiyo si jambo la ajabu kuishuku. Lakini hupanda pamoja na mambo mengine mengi: msongamano wa magari, majira ya baridi ambapo hewa hutuama, na maisha ya mjini ambako hospitali iko karibu na mtu aliyepinda mdomo huandikwa kwenye kumbukumbu siku hiyo hiyo. Isitoshe, kituo cha mtaani hakijui mtu alishinda ndani au nje, wala kama jikoni kwake kuna jiko la gesi linalotoa naitrojeni dayoksaidi ile ile bila kifaa chochote cha nje kuigundua. Mtafiti makini huishia kusema kwamba kuna jambo la kuendelea kulichunguza. Programu imelichukua jambo hilo likiwa bichi na kulitundikia kengele.

Hata tukiwa wakarimu, hesabu haiibebi kengele hiyo. Tuchukue ile theluthi moja kana kwamba imethibitishwa kwa watu wote na mahali pote. Kama watu 25 kati ya 100,000 hupooza uso kwa mwaka, katika mazingira mabaya watakuwa kama 33, yaani watu 8 zaidi katika umati wa watu laki moja kwa mwaka mzima. Tukiigawa kwa siku, hatari ya mtu mmoja kwa siku moja imetoka kwenye takriban moja kati ya milioni moja na nusu ikafika moja kati ya milioni moja na laki moja. Hiyo ndiyo tofauti inayogeuza kioo cha simu kuwa chekundu na kuitetemesha mfukoni. Aliyewahi kuugua ana hatari kubwa zaidi kuliko mtu wa kawaida, kwani takriban watu 7 kati ya 100 hurudiwa na ugonjwa, lakini hakuna msingi wa kudai kwamba siku ya kurudiwa inaweza kusomwa kwenye kipima upepo.

Kuna na kasoro ya muda, ambayo nadhani waliotengeneza programu hawakuifikiria. Tafiti zinazozungumzia uchafuzi huangalia wastani wa siku nyingi, hata wa wiki kadhaa. Programu huangalia saa. Asubuhi gesi za magari zikipanda, arifa inalia. Mchana upepo ukizitawanya, inazimika kana kwamba hatari imepita. Kama watengenezaji wangekuwa waaminifu kwa sayansi wanayoitegemea, wangeonyesha wastani wa mwezi mzima, namba inayosogea polepole na isiyomtikisa mtu. Ninaelewa kwa nini hawakufanya hivyo. Namba isiyotikisika haimfanyi mtu aendelee kulipia.

Hayo yote ningeyavumilia kama kuzidisha chumvi kwa kawaida kwa wafanyabiashara. Nisiloweza kulivumilia ni ukurasa wa msaada. Chini ya swali la nini kifanyike uso unapoanza kulegea, programu inashauri mtu aingie ndani, auweke uso katika joto, apumzike na kusubiri hali ya hewa itulie. Ushauri huu ni hatari kwa namna mbili. Kwanza, uso uliolegea ghafla unaweza kuwa kiharusi, na kiharusi hakisubiri. Ishara inayosaidia kutofautisha ni paji la uso: katika kiharusi, mara nyingi mgonjwa bado anaweza kukunja paji na kuinua nyusi zote mbili, wakati katika ugonjwa wa neva yenyewe upande mzima hulala, paji likiwamo. Hata hivyo kazi ya kutofautisha si ya mtu aliyesimama mbele ya kioo. Ni ya daktari, na kama mkono umekosa nguvu, maneno hayatoki vizuri au mtu amepoteza mizani, safari ni ya haraka kwenda idara ya dharura. Pili, hata ikiwa ni neva peke yake, dawa inayosaidia ina muda wake. Majaribio yaliyofanywa Uskoti na kuchapishwa mwaka 2007, yakiwa na wagonjwa 551 walioanza matibabu ndani ya saa 72, yalionyesha kwamba baada ya miezi mitatu asilimia 83 ya waliopewa prednisoloni, dawa ya kupunguza uvimbe, walikuwa wamepona kabisa, dhidi ya asilimia 63.6 ya wasiopewa. Baada ya miezi tisa ilikuwa asilimia 94.4 dhidi ya 81.6. Asikloviri, dawa ya virusi, haikuongeza faida katika majaribio hayo. Mtu anayekaa ndani siku tatu akisubiri upepo upungue anaupoteza muda huo wote, tena kwa kumtii mshauri aliyemlipa. Malengelenge yanayotokea sikioni pamoja na maumivu makali na uso uliopooza yana maana nyingine tena, kwani huashiria virusi vya tetekuwanga na mkanda wa jeshi, na yanahitaji matibabu mazito zaidi. Programu haiyataji popote.

Niliwaandikia kuhusu ukurasa huo. Jibu lilikuwa la adabu na halikubadilisha kitu.

Hata hivyo sijaifuta kwenye simu yangu, na sababu yake ndiyo sehemu ya tathmini hii ninayotamani wagonjwa waisome. Hali ya hewa ina umuhimu mkubwa kwa mtu mwenye uso uliopooza, ila umuhimu huo huja baada ya kupooza, nao uko jichoni. Neva ya uso ndiyo inayofunga kope. Ikilala, jicho la upande huo halifumbiki lote, machozi hayasambazwi kwa kupepesa, na konea, ule utando angavu wa mbele ya jicho, hubaki wazi mbele ya kila kinachopita: upepo, vumbi, hewa kavu na jua. Konea iliyokauka huchubuka, ikichubuka hupata vidonda, na kidonda cha konea kinaweza kuacha kovu la kudumu hata baada ya uso wenyewe kurudi sawa. Wagonjwa wengi hupona uso. Kuponea ukungu jichoni ni jambo gumu zaidi. Matone ya kulainisha jicho mchana, mafuta mazito ya macho usiku pamoja na kope zilizofungwa kwa utepe laini, na miwani inayokumbatia pembeni ni mambo ya lazima hadi kope irudi kufanya kazi, na hapa utabiri wa saa kwa saa unasaidia kweli. Siku yenye upepo mkali na chembe kubwa nyingi, mgonjwa anajua kabla hajatoka kwamba aongeze matone, avae miwani na aahirishe kupanda chombo cha usafiri kilicho wazi. Mionzi ya jua nayo imo kwenye programu, na mtu asiyeweza kukaza kope anaihitaji taarifa hiyo kuliko sisi wengine.

Kwa matumizi haya lipo jambo moja la kuangalia kwa makini, nalo ni unyevu. Programu huonyesha unyevu kwa asilimia, na siku ya baridi asilimia hiyo mara nyingi huwa juu, kwa hiyo rangi huwa ya kijani na mgonjwa hudhani jicho lake liko salama. Lakini hewa ya baridi haibebi maji mengi hata ikijaa. Hewa ya nyuzi 0 yenye unyevu wa asilimia 80 ikiingia chumbani na kupashwa hadi nyuzi 22, bila kuongezewa maji yoyote, unyevu wake hushuka chini ya asilimia 20, na huo ni ukavu wa jangwani unaomkuta mtu akiwa kitandani na jicho nusu wazi. Kinachopaswa kusomwa ni kiwango cha umande, yaani joto ambalo hewa ikipoa hadi hapo maji yaliyomo huanza kugeuka kuwa matone; kikiwa karibu na sifuri au chini yake, hewa ya ndani ya nyumba inayopashwa joto itakuwa kavu hata kama asilimia ya nje inapendeza. Kipimo hiki kimo ndani ya programu, kimezikwa kwenye ukurasa wa tatu wa maelezo. Hilo nalo linashangaza kwa bidhaa inayosema ukavu ndio adui wake.

Mambo madogo yaliyobaki ni ya kawaida. Programu hula betri iwapo utairuhusu ijue ulipo wakati wote, na haina sababu ya kujua. Ukiweka eneo lako kwa mkono inafanya kazi ile ile. Duka lililo ndani yake hutangaza barakoa na mashine za kusafisha hewa kana kwamba ni kinga ya neva. Barakoa nzuri huzuia chembe, haizuii gesi, na mashine zenye kichujio cha HEPA, kile cha kunasa chembe ndogo, ni hivyo hivyo isipokuwa ziwe na kaboni ya kutosha ya kunasa gesi. Anayezinunua kwa ajili ya mapafu yake na moyo wake ana sababu nzuri, kwa kuwa madhara ya chembe ndogo kwa viungo hivyo hayana ubishi. Anayezinunua ili uso usipooze ananunua matumaini.

Mgonjwa anayetaka kuitumia baada ya kusoma haya asilipie chochote. Azime arifa za neva kwenye mipangilio, abakize za upepo, chembe kubwa na mionzi ya jua, na asogeze kiwango cha umande kwenye ukurasa wa mwanzo, jambo linalowezekana kwa kukibonyeza kwa muda na kukiburuta juu. Arifa ya upepo huja ikiwa imewekwa kwenye kilomita 40 kwa saa, kiwango kilicho juu mno kwa jicho lisilofumba. Mimi huwashauri wagonjwa waishushe hadi 20, na wale ambao konea yao imeshachubuka waishushe zaidi hadi daktari wa macho atakapowaambia imepona.